Toubaa na keria ya baiskeli: mambo ya kujua kabla hujatoboa chesi

Anayetaka kubeba baiskeli nyuma ya gari kwa kawaida huanza na toubaa, yaani chuma cha kuvutia trela. Anakiona kimetundikwa nje ya karakana, anakinunua, fundi anakichomelea, halafu ndipo anaanza kutafuta keria ya kupachika juu yake. Hapo ndipo matatizo yanajitokeza. Keria haikazi kwenye gololi, yaani kile kichwa cha mviringo cha toubaa, au inaziba mlango wa buti, au uzito wa baiskeli tatu umepita kile chuma kinachoweza kuhimili. Pesa imeshatoka, na chesi imeshatobolewa. Mpangilio unaofaa ni wa kinyume: baiskeli kwanza, kisha keria, kisha toubaa, na gari likaguliwe kabla ya vyote. Baada ya kuipitia kazi hii mwanzo hadi mwisho, hilo ndilo ningependa mwenzangu alijue kabla hajafungua pochi.

Kwa hiyo anza na mizani ya bafuni. Panda juu yake ukiwa umebeba baiskeli, kisha panda mikono mitupu, utoe tofauti. Baiskeli ya milimani ya kawaida huwa kilo 13 hadi 15. Ile ya mtoto ya inchi 20 ni kama kilo 10. Baiskeli ya Mamba nyeusi yenye madigadi, keria yake ya nyuma na stendi inapita 20 bila shida, na ya umeme iko kati ya 20 na 28. Keria yenyewe nayo ina uzito: ya jukwaa, ambayo baiskeli husimama juu yake, ya kubeba tatu ni kilo 17 hadi 20, ya kuning'iniza ni nusu yake hivi. Baiskeli tatu za kilo 43 kwa jumla juu ya keria ya kilo 18 ni kilo 61. Mamba mbili za kilo 22 na ya milimani moja ya 15, juu ya keria ileile, ni kilo 77.

Nambari hiyo ndiyo unayoilinganisha na kibao cha toubaa. Toubaa iliyotengenezwa kiwandani ina kibao kilichogongwa herufi S, na mbele yake kilo: 50, 75, 80 au 100. Huo ndio uzito wa wima unaoruhusiwa kukandamiza gololi. Herufi D iliyo karibu yake inahusu kuvuta trela. Kitabu cha gari nacho kina kikomo chake, na kati ya hivyo viwili unafuata kilicho kidogo. Gari likiruhusu 75, toubaa ya 100 haikuongezei hata kilo moja. Kwa hiyo mzigo wa kilo 61 unakubalika kwenye toubaa ya 75, ule wa 77 haukubaliki. Mamba moja inabaki nyumbani au inapanda juu ya paa.

Kikomo hicho si cha kuchezea, kwa sababu mzigo haukai juu ya gololi, unakaa nyuma yake. Kitovu cha uzito wa baiskeli tatu kiko kama sentimita 40 nyuma ya gololi, kwa hiyo shingo ya chuma inapindwa muda wote. Ukipiga tuta, nguvu hiyo inaruka na kuwa maradufu au zaidi kwa kufumba na kufumbua. Gari nalo linahisi. Chukua gari ambalo magurudumu yake ya mbele na ya nyuma yameachana mita 2.6, na mzigo wa kilo 63 uko mita 1.4 nyuma ya ekseli ya nyuma. Ekseli hiyo inaongezewa kilo 97, na ya mbele inapunguziwa kilo 34. Ndiyo maana usukani unakuwa mwepesi na taa za mbele zinamulika minazi. Springi za nyuma zilizochoka zibadilishwe kabla ya kufikiria keria.

Keria ziko za aina mbili kuu. Ya kuning'iniza ina nguzo na mikono miwili, na baiskeli inaning'inia kwa bomba la juu la fremu. Ni rahisi kwa bei na inakunjika vizuri. Kasoro yake ni kwamba baiskeli zinabembea na kusuguana, na kwa barabara zetu za matuta rangi inakwisha upesi. Baiskeli ya kike au ya mtoto isiyo na bomba la juu lililonyooka inahitaji bomba la bandia la kufunga kati ya kiti na usukani. Fremu ya kaboni usiibane kabisa kwa mikono hiyo. Ya jukwaa ina mifereji ya magurudumu: baiskeli inasimama kwa miguu yake na mkono mmoja unaishika fremu isianguke. Ni nzito na ghali zaidi, lakini uzito unabebwa na magurudumu, na kwa kawaida ina taa na mahali pa namba. Mimi ningemshauri mwenye familia achukue ya jukwaa, hata kama ni lazima aahirishe safari ili aongeze akiba.

Kabla hujalipia, uliza mambo matatu yanayosahaulika. La kwanza, kila mfereji unabeba kilo ngapi: nyingi zinaishia kilo 15 au 17, na zile zilizotengenezewa baiskeli za umeme zinafika 30. Mamba ya kilo 22 haifai kwenye mfereji wa 17 hata kama jumla inaruhusu. La pili, urefu wa mfereji na upana wa mkanda. Mamba ni ndefu kuliko ya milimani, na tairi pana la inchi 3 linahitaji mkanda mrefu. La tatu, je, inainama? Keria nzuri ya jukwaa ina kanyagio la kuilaza nyuma ili buti lifunguke baiskeli zikiwa juu. Mwenye gari la mlango wa nyuma unaofunguka pembeni, hasa lenye gurudumu la akiba mlangoni, apime kwa futi kwanza: mlango huo hauendi juu, unazunguka, na keria inaweza isiinamie mbali kiasi cha kuupisha. Gurudumu hilo pia linachukua nafasi ambayo baiskeli ya kwanza ingekaa.

Sasa toubaa. Keria nyingi za jukwaa zimetengenezwa Ulaya kwa gololi ya milimita 50. Gololi ya Kimarekani ya inchi 2 ni milimita 50.8. Tofauti hiyo ni chini ya milimita moja, lakini wenzo wa keria hautafunga, au utafunga kwa kulazimishwa hadi uvunjike. Ile ya inchi 1⅞ ni milimita 47.6, na hapo keria itakaa ikicheza. Pima kwa kalipa, usitazame kwa jicho. Gololi ya zamani iliyolika hadi kukaribia milimita 49 imekwisha kazi. Iwe ya chuma, kamwe isiwe ya alumini, kwa sababu keria ya jukwaa haipitishwi bolti yoyote: inashikilia kwa kubana tu. Shingo nayo iwe wazi. Gololi iliyofungwa kwa bolti mbili kwenye bamba bapa mara nyingi inakuwa na bamba karibu mno, na taya za keria zinagonga kabla ya kufunga. Shingo iliyopinda kama ya bata inatoa nafasi ya kutosha.

Magari ya Mombasa mengi yalitengenezewa soko la Japani. Kwa Forester, X-Trail au RAV4, ambazo ziliuzwa pia Ulaya na Australia, toubaa ya kiwandani inapatikana kwa kuagiza. Linganisha msimbo wa modeli ulio kwenye kibao cha gari, si jina na mwaka peke yake. Kwa Probox, Wish au Noah, ambazo Ulaya hazikuuzwa, kazi ni ngumu zaidi, na wengi wanaishia kwa fundi wa jua kali. Toubaa ya kiwandani yenye kibali cha Ulaya imegongwa herufi E ndani ya duara na nambari ya nchi: 1 ni Ujerumani, 4 Uholanzi, 11 Uingereza.

Fundi wa kuchomelea Changamwe au Kisauni anaweza kutengeneza chuma kizuri, mradi umwambie unachotaka. Boriti ya mraba ya milimita 50 kwa 50 au 60 kwa 60, yenye ukuta wa milimita 5. Mabamba ya pembeni ya milimita 8. Kifungwe kwa bolti kwenye reli za chesi, kisichomelewe humo. Reli hizo kwenye gari dogo ni bati la milimita 2 hivi, na moto unalidhoofisha pembeni mwa mshono, unachoma rangi ya ndani, na kutu inaanza mahali ambapo hutapaona kamwe. Uchomeleaji wote ufanyike chuma kikiwa mezani, mbali na gari. Ukisikia "Boss, tupige weldi tu, hii haiendi popote," mshukuru na uondoke. Na ile pete ya chini ya bampa iliyotumika kufungia gari melini si mahali pa kufungia chochote.

Kabla ya siku ya kazi lala chini ya gari na tochi. Magari mengi yaliyoagizwa yaligongwa nyuma yakanyooshwa. Tafuta mikunjo kwenye reli, rangi ya brashi, viraka. Gonga kwa nyundo ndogo kutoka mwisho wa reli kwenda mbele: chuma kizima kinalia, chenye kutu ndani kinatoa sauti ya gunia. Ukisikia gunia, simama hapo. Hakuna toubaa itakayoshika kwenye kutu, na gari linaloegeshwa karibu na bahari Nyali au Shanzu huoza kutoka ndani kwanza.

Siku yenyewe

Tenga siku nzima, na mtu wa pili wa kunyanyua bampa. Egesha pahali tambarare, weka magogo mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele, inua kwa jeki kisha uteremshe juu ya stendi mbili. Kwenye ua wa mchanga tanguliza ubao mnene chini ya kila stendi, maana stendi inazama polepole bila sauti. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Fungua waya hasi ya betri.

Bampa la nyuma linashikwa mahali pengi kuliko linavyoonekana: skrubu ndani ya matao ya magurudumu, klipu za plastiki chini, bolti za kumi nyuma ya taa. Toa taa kwanza. Klipu za zamani zimekauka kwa jua na zitavunjika, hivyo nunua pakiti moja mapema. Ukivuta bampa na linagoma, kuna skrubu hujaiona, usivute zaidi. Kabla halijatoka kabisa, chomoa soketi za sensa na taa za chini, kisha lilaze kwenye blanketi. Nyuma yake kuna boriti ya bampa. Toubaa nyingine inaingia mahali pake, nyingine inakaa chini yake. Karatasi ya maelekezo itasema. Bomba la ekzosi linateremshwa kwa kuvua raba zake, na maji ya sabuni yanazifanya ziteleze.

Hapa kuna jambo lililoharibu chesi za watu wengi. Magari ya Japani yana nati zilizochomelewa ndani ya reli, na nyuzi zake ni nyembamba: M10 na M12 (za unene wa milimita 10 na 12) zenye hatua, yaani nafasi kati ya uzi na uzi, ya milimita 1.25. Bolti ya duka la vyuma la kawaida ni ya hatua ya 1.5 kwa M10 na 1.75 kwa M12. Ukiishika mkononi zinafanana. Inaingia mizunguko miwili, inakuwa ngumu, mtu anaongeza bomba kwenye spana, na nati ya ndani inakwisha nyuzi au inang'oka na kuzunguka hewani. Kuitoa ni kukata reli dirisha. Kwa hiyo bolti iingie kwa vidole mizunguko mitano angalau. Ikigoma kwa sababu ya kutu au rangi, safisha nati kwa tepu, kile kifaa cha kukatia nyuzi, ya kipimo kilekile, mafuta kidogo, nusu mzunguko mbele, robo nyuma.

Bolti ziwe za daraja la 8.8, na nambari hiyo imegongwa kichwani. Kichwa kitupu hakifai. Kuna wanaochagua bolti za chuma kisichoshika kutu kwa ajili ya chumvi ya bahari, wakidhani wameboresha. Zile za kawaida zenye alama A2-70 zina nguvu ndogo kuliko 8.8, na zikigusana na chuma kingine kwenye unyevu wa chumvi ndicho kinacholiwa. Chagua 8.8 zilizochovywa zinki, ukazipake nta baada ya kukaza.

Pale chuma kinapolalia reli, ondoa lami, plastiki laini na rangi nene ya chini ya gari hadi ufikie rangi ngumu au bati. Tabaka hilo laini likiachwa linabanwa taratibu, bolti inalegea bila kuzunguka hata kidogo, na unabaki ukishangaa kelele inatoka wapi. Bati lililoachwa wazi lipigwe rangi ya zinki papo hapo. Hewa ya hapa haisubiri kesho.

Pandisha chuma, tia bolti zote kwa mkono, kisha pima kutoka gololi hadi kila upande wa gari ili kiwe katikati. Kama kuna tundu la kutoboa, huu ndio wakati moyo unapodunda, na ni sawa udunde. Tazama upande wa pili kwanza: kuna tangi la mafuta, bomba la breki, waya? Piga alama kwa senta, kile chuma chenye ncha, anza na drili ya milimita 5, maliza na 13 kwa bolti ya M12. Futa makali, fagia chembe zote za chuma, maana zikibaki ndani ya reli zitageuka kutu kabla ya masika kwisha. Rangi ya zinki ukingoni, nta ndani. Bolti ikipita reli upande hadi upande, lazima ndani kuwe na kipande cha bomba cha kuzuia reli isibonyee. Bila hicho unakaza na reli inajikunja. Upande wa nati weka bamba la milimita 5, si washa tupu.

Kaza kwa kiasi. Karatasi ya mtengenezaji ndiyo sheria, lakini kwa 8.8 tarajia kama Nm (newton-mita, kipimo cha nguvu ya kukazia) 50 kwa M10, 80 kwa M12, na karibu 200 kwa M16 zinazoshika gololi. Asiye na spana ya kupimia atumie mizani ya kuning'iniza, ile ya wauza samaki. Ifunge kwenye spana sentimita 40 kutoka kwenye bolti, uivute kwa pembe mraba. Ikisoma kilo 20 na nusu hivi umefika Nm 80. Kwa Nm 200 tumia bomba la mita 1, mizani isome kilo 20 na nusu vilevile. Si sahihi kama kifaa chenyewe, lakini ni bora mara nyingi kuliko kukaza hadi uso uive. Ukimaliza, chora mstari wa rangi nyeupe kutoka kichwa cha bolti hadi kwenye chuma. Bolti ikisogea, mstari utakatika na utauona bila kushika spana.

Urefu wa kitovu cha gololi kutoka ardhini, gari likiwa na mzigo wake wote, uwe kati ya sentimita 35 na 42. Bampa likihitaji kukatwa chini, bandika utepe wa karatasi wenye gundi, chora, kata kidogo, jaribisha, kata tena.

Umeme

Hapa ndipo kazi nyingi nzuri zinapoharibikia, na ndipo watu wanapobana pesa. Soketi ya pini 7, ile ya kuchomekea taa za keria, ina mpangilio wake: pini 1 waya ya njano ni indiketa ya kushoto, 2 ya buluu ni taa ya ukungu, 3 nyeupe ni athi (njia ya umeme kurudi), 4 kijani ni indiketa ya kulia, 5 kahawia ni taa ndogo ya kulia, 6 nyekundu ni breki, 7 nyeusi ni taa ndogo ya kushoto. Keria nyingi za jukwaa zinakuja na plagi ya pini 13, ambayo ina pia taa ya kurudi nyuma. Kipatanishi cha 13 kwenda 7 ni kidogo na kinafanya kazi, ila taa ya kurudi nyuma utaikosa.

Gari la zamani lenye balbu za kawaida linakubali kuunganishwa moja kwa moja nyuma ya taa zake. Balbu ya indiketa ni wati 21, na ukiongeza nyingine ya keria, fyuzi inavumilia lakini mdundo wa indiketa unabadilika. Gari jipya ni habari nyingine: taa zake zinaongozwa na kompyuta, na ukiiongezea mzigo inaonyesha kosa au inazima taa. Hapo tumia kisanduku cha rilei kinachochukua nguvu kutoka betri kwa waya yake yenye fyuzi ya ampea 15, na kusoma tu ishara kutoka kwenye taa za gari. Kinagharimu pesa ya maana. Kompyuta ya taa inagharimu zaidi.

Usitumie vile vibanio vya plastiki vinavyouma waya mbili pamoja. Vinachana ngozi ya waya, hewa ya chumvi inaingia, na baada ya msimu mmoja shaba imegeuka unga wa kijani. Lehemu kila kiungo, kivike mpira unaosinyaa kwa moto, ule wenye gundi ndani. Waya ipite kwenye tundu lenye raba, na kabla ya kuingia iteremke kidogo chini ya tundu ili maji yadondokee hapo, yasifuate waya hadi ndani ya buti. Athi iwe ya milimita mraba 2.5, ifungwe kwenye bati lililokwanguliwa rangi, kisha ipakwe grisi.

Athi mbovu ina dalili yake. Washa taa ndogo, washa indiketa ya kushoto, kisha kanyaga breki. Ukiona taa zote za keria zinafifia na kuwaka pamoja kwa mdundo wa indiketa, au indiketa ya kulia inapepesa wakati hukuiwasha, usiguse waya nyingine yoyote. Umeme hauna njia ya kurudi, unajipitisha kwenye balbu za jirani. Rekebisha nyeupe tu, na yote yatatulia.

Kwenye pini za soketi paka vaselini kidogo. Tundu la kutolea maji lielekee chini.

Barabarani

Gololi ya trela hupakwa grisi, ya keria haipakwi. Ifute kwa petroli hadi ing'ae na uondoe rangi ya kiwandani yote, kwa sababu msuguano ndio unaoshika kilo zote hizo. Wenzo wa keria ukifunga kwa kidole kimoja, haujabana. Skrubu yake ya kurekebisha ikazwe hadi uhitaji uzito wa mwili. Kisha shika mwisho wa keria na uitikise: gari zima licheze, keria isizunguke.

Baiskeli nzito ikae karibu na gari, nyepesi nje, usukani mmoja kulia unaofuata kushoto. Toa pampu, chupa, kiti cha mtoto, na betri ya baiskeli ya umeme. Tairi lisikae mbele ya mdomo wa ekzosi, litayeyuka kabla hujafika Mtwapa. Usifunike baiskeli kwa turubai. Upepo wa kusi ukilidaka kutoka ubavuni, keria yote inasukumwa pembeni. Mikanda ipitie rimu, mkia wa mkanda ufungwe usipeperuke. Kufuli ya keria na mnyororo ni kwa ajili ya vituo. Barabarani haishiki uzito.

Namba ya gari na taa lazima zionekane. Keria ya jukwaa ina mahali pa kuweka namba, lakini kuchorewa namba yako kwenye kibao na fundi wa mtaani kunakuweka pabaya mbele ya askari. Jambo hili limalize na NTSA, mamlaka ya usalama barabarani, kabla ya safari, si kizuizini.

Na sasa Likoni. Anayekwenda Diani kwa feri afanye hesabu ya mkia wa gari. Toubaa peke yake, ikiwa sentimita 35 juu ya ardhi na mita 1 nyuma ya gurudumu, inaruhusu pembe ya nyuzi 19 hivi. Ongeza keria, mkia ufike mita 1.5, na pembe inashuka hadi 13. Maji yakiwa ya bamvu, tofauti kati ya kujaa na kupwa hapa inapita mita 3, na maji yakipwa ngazi ya feri na mteremko wa gati vinakutana kwa pembe kali. Pale ndipo taa za keria zinapokwaruza zege. Angalia jedwali la maji, vuka yakiwa yamejaa, au ingia taratibu mtu akiwa chini anatazama. Vinginevyo tumia barabara ya Dongo Kundu, ambayo inakufikisha kusini bila feri.

Kwa matuta ya barabara ya Malindi, mwendo uwe wa kutambaa, gurudumu la nyuma lishuke bila kuruka. Ni pigo la kushuka linaloumiza shingo ya toubaa. Simama baada ya kilomita kumi za kwanza ukaze mikanda tena. Daima italegea kidogo. Mistari nyeupe ya bolti iangalie hapohapo. Bolti za toubaa zikazwe upya kwa kipimo kilekile baada ya kilomita 1000.

Baada ya kila safari ya ufukweni osha keria na toubaa kwa maji ya bomba, hasa ndani ya taya na kwenye bawaba ya kuinamishia, kisha ikauke kivulini. Usiache keria kwenye gari wiki nzima bila kazi: chumvi inaganda kwenye wenzo, na jua linakausha mikanda hadi ipasuke. Mara mbili kwa mwaka, kabla ya masika na yanapokwisha, pita na brashi ya waya kwenye mishono yote ya toubaa. Kutu ya juu juu inafutika, unapaka zinki. Mstari mwembamba wa kahawia unaofuata ukingo wa mshono na kurudi kila ukiufuta ni ufa. Chuma hicho kishushwe siku hiyohiyo, na kisichomelewe tena.